Mama hataki tena kuonana na dokta wa presha, anataka sista tu. Ni sawa hii?

mama_wawili_kiborloni: Wadau habari zenu, naombeni mawazo. Mama yangu yuko Marangu, ana presha ya muda mrefu, anatibiwa hospitali moja hapa Moshi. Siku hizi wale ambao presha imetulia wamehamishiwa kliniki ya manesi, dokta anaitwa akihitajika tu. Mimi nilikasirika nikaona tunashushwa maana hela ni ileile, ila bi mkubwa mwenyewe kafurahi balaa, eti sista anamuuliza mpaka chumvi anayotia kwenye machalari! Kaka yangu anataka tumhamishe. Mnasemaje?

chalii_ngarenaro: Mhamisheni. Dokta kasota miaka 5 chuo bado intern, unamwachia nesi mzee wako? Wazee wetu wakisalimiwa vizuri na kuulizwa migomba inaendeleaje basi wameridhika, sasa kuridhika ndo kupona?

sista_sakina: Chalii punguza moto. Mimi ni muuguzi huku Arusha. OPD (kwa wagonjwa wa nje) dokta mmoja na foleni imefika nje, atakusikiliza saa ngapi? Kuna bibi kwenye kadi anaandikiwa amlodipine ya presha kila mwezi kumbe hamezi, miguu ilikuwa inamvimba (hiyo dawa inafanya hivyo kwa baadhi ya watu) na kwa dokta aliona aibu kusema. Kwangu alisema tukiwa tunapiga stori. Sikumbadilishia mimi, nilimpeleka kwa dokta akabadilisha. Na CTC (kliniki ya wenye VVU) mbona manesi ndo wanashikilia wagonjwa waliotulia na hakuna anayelalamika.

mzee_wa_data: Hili limepimwa. Cochrane, wale wanaokusanya tafiti za tiba, 2018 walikusanya majaribio 18 ya manesi kufanya kazi ya madokta kwenye huduma za msingi, wagonjwa wa manesi waliridhika zaidi kidogo na hata presha zilikaa vizuri kidogo, ila walikaa muda mrefu zaidi chumbani na walirudi rudi kliniki zaidi. Sasa tusishangilie sana, karibu yote ni nchi tajiri, moja tu ndo ya kipato cha kati, na mara nyingi haikuelezwa wazi manesi wa kule wamesomea mpaka ngazi gani. Halafu hiki kitu cha kumuuliza mgonjwa "umeridhika?" akiwa bado getini mimi sikiamini sana, nani atamsema vibaya sista atakayemkuta tena mwezi ujao?

chalii_ngarenaro: Hapo umeongea. Dada, kadi inasoma ngapi?

mama_wawili_kiborloni: Ya mwisho 134/82, kabla ilikuwa inacheza 140 na kitu. Na dawa anameza kweli, nimehesabu mwenyewe.

sista_sakina: Sasa unamhamisha wa nini? Wewe uliza tu vipimo vya figo vinaangaliwa lini, na siku akija kifua kinabana au presha imepanda ghafla anaonwa na nani.

mama_wawili_kiborloni: Nimempigia sista wao sasa hivi. Anaonwa na dokta hapohapo, ila Jumatano dokta yuko wodini mpaka mchana.

chalii_ngarenaro: Na kliniki ya mama ni lini?

mama_wawili_kiborloni: Jumatano 😩

sista_sakina: Omba wamhamishie Alhamisi, wala hawakatai.