Vifuko vya vijiti kwenye mgunga na vile bapa vya ukutani ni nondo mmoja? Naomba msaada kujua spishi

Mdau_Bagamoyo:
Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada wenye uelewa wa wadudu. Hapa Bagamoyo nyuma ya nyumba nina mgunga na mpera. Kwenye mgunga kuna vifuko vinaning'inia vimejengwa kwa vijiti vikavu vilivyopangwa kwa urefu, kikubwa kinafika sentimita tano hivi, unadhani ni kitawi kimekauka mpaka ukione kinatembea. Kwenye mpera navyo vipo, vinafanana ila vimechanganyika na vipande vya majani. Halafu ndani ya nyumba, ukutani na nyuma ya kabati, kuna vingine vidogo bapa kama mbegu ya boga, rangi ya simenti, na humo ndani kuna kiwavi anachungulia upande huu mara anachungulia upande ule.

Juzi usiku kwenye taa ya barazani akatua nondo wa kahawia, mwili una manyoya mengi, vipapasio vina vitawi pande zote mbili, hatulii kabisa anapigapiga mabawa tu. Sasa naomba kujua, hivi vyote ni spishi moja? Huyo nondo ndo mwenye vifuko? Nimeweka picha iNaturalist, ile tovuti ya kutambua viumbe kwa picha, wananiachia Psychidae basi, yaani jina la familia ya nondo wa vifuko tu, na mwingine kanipa jina la nondo wa Marekani.

Bi_Kidudu:
Karibu sana. Nianze na vya ukutani maana hivyo ndo rahisi. Hivyo sio ndugu wa hao wa mgunga, ni familia nyingine kabisa, Tineidae, ile ya nondo wanaokula nguo, na mwenye kifuko bapa anaitwa Phereoeca. Alama yake umeshaitaja mwenyewe, kifuko kina mlango kila ncha na kiwavi anageuka humo ndani anatokea popote. Kimefumwa kwa hariri na kupakwa mchanga, vumbi na nyuzi za nguo, urefu sentimita moja na kidogo. Anapenda sehemu zenye unyevu ndo maana sisi wa pwani tunae sana. Anakula utando wa buibui, nywele, sufu, majani ya mti hayahusu. Na nondo wake akikomaa dume na jike wote wana mabawa, tofauti na hawa wa kwenye mti. Fagia utando wa buibui kwenye kona na nyuma ya makabati watapungua, hakuna haja ya kupuliza sumu ndani ya nyumba yenye watoto.

Vya mgunga na mpera ndo Psychidae wenyewe, hapo nawaachia wengine.

Fundi_Nondo:
Mkuu hao waliokuachia Psychidae wamekutendea haki, usiwalaumu. Aliyekupa jina la Marekani bila shaka kakupa Thyridopteryx ephemeraeformis, hilo linatokea kila siku kwa sababu picha za yule ni nyingi kuliko za wa kwetu. Lakini yule ni wa kule kwao, tena dume lake ni jeusi na mabawa yake karibu yote ni ang'avu unaona mpaka upande wa pili, wako umesema kahawia.

Kwa kifuko cha ukubwa huo, vijiti vimelala kwa urefu, nchi hii, mimi ningeanza kufikiria jenasi Eumeta. Kuna Eumeta cervina inayopatikana sehemu nyingi za Afrika na inakula miti ya aina nyingi. Ila naandika "kufikiria" kwa makusudi, kifuko peke yake hakitoshi kuweka jina. Kiwavi anajenga kwa kilichopo karibu. Wa spishi moja akiwa mgunga atabeba vijiti na miiba, akiwa mpera atabandika na majani, kwa hiyo hao wako wa miti miwili wanaweza kabisa kuwa kitu kimoja, na inawezekana pia sio. Kinachosaidia zaidi ni mpangilio, je vijiti vimelala kwa urefu, vimekaa kwa kukingama, vinazunguka, au kifuko ni hariri tupu na mchanga. Ulaya kuna Apterona helicoidella, kifuko chake kimejipinda unaapa ni konokono, yule hata kwa kifuko unapata pa kuanzia. Wengi sio hivyo.

Kwenye kiwavi mwenyewe angalia kichwa na ile sehemu ya kifua yenye miguu, ndo anayotoa nje akitembea. Hapo ni pagumu pana rangi, michirizi na mabaka, tumbo lililobaki ndani ni laini halina cha kukuambia. Piga picha hapo kwa karibu kabla hajajivuta ndani.

Sasa kazi ngumu ipo kwa nondo mkubwa. Jike kwa hizi jenasi kubwa hana mabawa, hana miguu ya maana, yupo yupo tu mfukoni. Anatoa harufu, dume anakuja anaingiza tumbo lake refu kwa mlango wa chini wanajamiiana hukohuko, jike anataga mayai ndani ya ganda lake la pupa anakufa. Kwa hiyo ukingoja jike aje kwenye taa utangoja sana. Funguo nyingi za kitaalamu, yaani miongozo ya kutambua spishi, zimetegemea dume, mishipa ya mabawa, vipapasio, miguu ya mbele, na mwisho kupasua viungo vya uzazi chini ya hadubini. Nondo wako wa barazani kwa maelezo yako anafaa kuwa dume la Psychidae, ila huwezi kusema katoka kwenye kifuko kile. Ametoka gizani tu huko.

Kamau_wa_Miti:
Salamu kutoka Limuru. Huku nimeona hizo bags kwa miwati na ua la saipresi. Afisa mmoja wa kilimo aliona picha kwa simu akaandika moja kwa moja Kotochalia junodi, eti kwa sababu iko kwa muwati. Mimi hiyo sikubali. Ni kweli junodi ndio imesumbua mashamba ya miwati kule Afrika Kusini miaka mingi, lakini mti mmoja unaliwa na zaidi ya spishi moja, na kiwavi akitaka kuwa pupa anaweza kuhama aende ajifunge kwa ukuta, waya ama mti hata hali. So jina la mti ni muhimu liandikwe lakini haliwezi kuwa ndio jibu. Na andika kama ulimwona akila ama ulimpata tu hapo.

Mdau_Bagamoyo:
Asanteni sana aisee. Bi Kidudu kabati nimeshalisogeza. Fundi, basi nifanyeje ili nimpate dume na nijue katoka kifuko gani? Vingine vimeziba mdomo juu nikavidhania vimekufa.

Fundi_Nondo:
Usivitupe! Kiwavi akijivua ngozi anafunga mlango kwa hariri anatulia siku kadhaa, akimaliza anafungua anaendelea kula. Akitaka kuwa pupa anafunga pia, ila hapo anakaza kwa mkanda mnene wa hariri uliozungushwa kwenye kitawi, halafu anageuka ndani kichwa kinaangalia chini. Usikivute kwa mkono utakiharibu, ile hariri haina mchezo. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walitoa utafiti wa hariri ya Eumeta variegata wakaonyesha ina nguvu za kupita kiasi. Kata kitawi chote na mkasi.

Weka kila kifuko kwenye kopo lake, juu funga kipande cha chandarua na raba, kopo liwe kivulini. Wanaokula bado wape majani ya mti uleule, mabichi, badilisha kabla hayajaota ukungu, na toa kinyesi kinachodondoka kwa mlango wa chini. Kwenye kopo andika tarehe, mti, na mahali. Changanya makopo mawili tu, kazi yote imeharibika.

Kisha kagua kila asubuhi. Dume akitoka utaona ganda la pupa limejitokeza nusu nje kwenye ncha ya chini ya kifuko, kahawia, jembamba, tupu, na nondo yupo kwenye chandarua. Nondo huyo hali chochote na anaishi siku chache tu, na akijigonga usiku kucha mabawa yanabaki matupu, kwa hiyo mtoe mapema. Ukiona hakijatoka kitu halafu siku moja wanatoka viwavi vidogo mno wananing'inia kwa nyuzi, kile kilikuwa cha jike. Wao husafiri kwa upepo na huo uzi, kwa mama asiye na mabawa ndo usafiri wao. Na wakitoka nyigu wadogo au nzi usikasirike, hao ni vimelea waliomla kiwavi, nao watunze na waandikie kifuko walichotoka. Kuna watu wanawatafuta kuliko hata nondo wenyewe.

Bi_Kidudu:
Naongezea, ukimpata dume piga picha ya juu, ya ubavu, na ya vipapasio kabla hujamfanya lolote, na rula pembeni. Ng'oa mguu mmoja uweke kwenye ethanoli safi, sio spiriti ya bluu ya dukani, huo mguu unatosha kupimwa DNA siku ikipatikana nafasi. Mwili mkavu, kifuko na ganda la pupa vikae pamoja kwenye kiboksi kimoja chenye lebo moja. Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Nairobi wana hifadhi kubwa ya wadudu, na Arusha wapo TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Ukienda na kifurushi cha namna hiyo unaongea na mtu anayeweza kulinganisha na vielelezo, hiyo ni tofauti kubwa na kwenda na picha ya kifuko.

Kamau_wa_Miti:
Na kama mti umeanza kuisha majani, toa kwa mkono tu kabla vile vidogo havijatoka. Jike habebi mabawa, ukishatoa kifuko chake umetoa mayai yote. Dawa ikipuliziwa kama mdomo umefungwa haiingii, unaua tu wale nyigu.

Mdau_Bagamoyo:
Nimekata vifuko vya mgunga kopo tofauti na vya mpera kopo tofauti, kila kimoja na lake. Kimoja cha mpera kina ganda limetokeza chini tayari, limepasuka, hakuna kitu ndani. Hilo nalo lina faida?

Fundi_Nondo:
Linayo, mkuu. Huyo alikuwa dume na ameshaondoka, huenda ndo huyohuyo wa barazani lakini hatuwezi kuliandika hilo. Andika "mpera, ganda la dume, tarehe ya kuokotwa", uliweke kwenye kiboksi na kifuko chake. Hao wa makopo wakianza kutoka weka picha humu humu, hata ukimpata mmoja.