Naomba ushauri: nimpandishe mzee ngazi za handaki la Wajerumani?

Habari zenu wakuu. Baba anakuja kunitembelea Paris mwezi ujao, ana miaka 74. Nilidhani ataulizia mnara wa Eiffel, kumbe anataka kuona "walikojificha Wajerumani". Marehemu babu alikuwa Keya (askari wa KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), alipigana Burma mwaka 1944, kwa hiyo mzee amekulia kwenye hadithi za vita ile.

Nimefikiria Le Grand Bunker, Ouistreham, pwani ya Normandy. Nilifika mwaka jana. Ni mnara wa zege wa mita 17, ghorofa tano, Wajerumani waliutumia kuelekeza mizinga yao. Waingereza walitua ufukweni hapo Juni 6, 1944, ila mnara haukusalimu amri hadi Juni 9, Luteni Mwingereza Bob Orrell na wenzake watatu walipolipua mlango wa chuma. Wakatoka Wajerumani zaidi ya 50, mikono juu!

Shida ni ngazi. Nyembamba, zimesimama wima, unashika chuma cha baridi huku kiatu cha aliyekutangulia kiko usawa wa pua yako. Magoti yanamsumbua mzee, na kumwambia "baba, wewe baki chini" siwezi. Darubini ya kupimia umbali iko juu kabisa, lazima atataka kuifikia.

Kuna aliyempandisha mzazi mle? Au nimpeleke Raversyde, Ubelgiji, ambako ni mahandaki na mifereji ya askari, kutembea zaidi kuliko kupanda? Na kutoka stesheni ya treni ya Caen, mji wa karibu na Ouistreham, kwa mtu mzima, basi au teksi?