Nililipia bamba la milimita 6, nikafungiwa la 2, na ndilo lililotoboa sampu yangu

Wadau wa magari ya porini, salamu. Siku tisa nimeinyamazia hasira hii nikidhani itapoa. Leo asubuhi nimeingia tena chini ya gari, nikaiona ile sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikanipanda upya. Basi naiandika.

Gari ni Prado, lile umbo la zamani lenye injini ya 1KZ. Ndilo linalonilisha. Leo nimebeba wageni kwenda Marafa kuona korongo la Nyari, kesho Sala kuingia Tsavo Mashariki, siku nyingine ni kushuka tu kwenye vijia vya kando ya mto Galana. Wenyeji mnavijua. Mvua ikishapita, maji huchukua udongo na kuacha mawe yamesimama katikati, pale pale inapopita sampu. Kile kibati cha kiwandani kinazuia matope na changarawe, jiwe hakiliwezi. Ndiyo maana nilienda gereji moja hapa Malindi (jina naliweka kando kwanza, bado nadai) nikaagiza bamba la chuma la milimita 6, kuanzia chini ya rejeta hadi kwenye gia boksi, pamoja na mabomba ya kukinga ubavu. Tukakubaliana shilingi 58,000. Nikatoa zote siku hiyo hiyo.

Fundi mkuu akaligonga bamba kwa nyundo mbele yangu, akasema, "Mzee, hapa utasikia mlio tu, jiwe litajijua lenyewe." Lilikuwa limeshapakwa rangi nyeusi na kufungwa. Nikaamini.

Jumamosi ile nilikuwa na wageni wanne, tumeshapita Chakama, nimeacha barabara nateremka korongo kavu kuelekea mtoni. Foo-wili, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Jiwe lenyewe lingeenea kwenye karai. Nikasikia kishindo, halafu mkwaruzo mrefu, halafu taa nyekundu ya oili. Nikazima injini hapo hapo, gari likiwa limeinamia mteremkoni. Na vijana mnaoanza kazi hii nawaomba: taa ile ikiwaka, usitafute kivuli wala pa kuegesha. Zima. Beringi za krenki zikikosa oili, dakika chache tu injini imeshanoki.

Nikalala chini. Oili ilikuwa inamwagika kama chai kwenye birika, karibu lita saba, mchanga unainywa yote. Bamba lilikuwa limejikunja kurudi nyuma kama jamvi, na kona yake imeingia ndani ya sampu. Ufa ulikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada. Jiwe halikuigusa sampu kabisa! Kilichoitoboa ni bamba lenyewe. Nilijaribu sabuni ya kipande, ile dawa ya tangi la mafuta linalovuja, lakini kwa oili ya moto na ufa ule haikushika hata kidogo. Tulikaa pale hadi saa kumi na mbili jioni, mama mmoja na mtoto wa miaka sita wakiwa na chupa moja ya maji, ndipo lori la mchanga likatuvuta.

Nyumbani nikafungua bolti zilizobaki, nikajiandaa kulipokea bamba kifuani kwa sababu nilijua ni zito. Likashuka kwenye mkono mmoja. Hapo ndipo nilipojua nimeibiwa, kabla hata ya kupima.

Kalipa, kile kipimo cha unene, ikasoma milimita 2. Nikalipeleka kwenye mizani ya jirani yangu muuza samaki: kilo 11 na kidogo. Hesabu ya chuma haifichiki. Mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 1 ina karibu kilo 8. Bamba langu ni sentimita 120 kwa 60, kwa hiyo la milimita 6 lingekuwa na kilo 34 hivi, mzigo wa watu wawili kulipandisha na jeki chini yake. Mimi nilitembea nalo sokoni kwapani.

Na unene ni mwanzo tu. Mdomo wa mbele wameukata ukabaki umenyooka, haukukunjwa kwenda juu. Bamba lenye mdomo uliokunjwa hupanda jiwe na kuteleza. Langu lililima kama jembe. Kati ya bamba na sampu hakukuwa na nafasi ya hata kidole kimoja, kwa hiyo chuma kilipobonyea kidogo tu kilikuwa kimeshafika. Bolti ni sita, za spana 13, vichwa vitupu. Bolti ngumu huwa imepigwa chapa ya 8.8 kichwani. Hizi ni laini, mbili zimekatika shingo. Halafu masikio ya kushikilia bamba wameyachomea juu ya kutu na rangi, unaona kabisa chuma cha kuchomea kimekaa juu kama kamasi, hakijaingia.

Tundu la kumwagia oili hakuna. Matundu ya kupitisha hewa na kutoa matope hakuna. Juu ya bamba nilikuta udongo mwekundu wa Galana umeshindiliwa, bado una unyevu, na kutu imeshaanza. Kwa hewa hii yetu ya chumvi, mwaka mmoja wa hali hiyo na sampu ingeoza yenyewe bila jiwe.

Mabomba ya ubavuni nayo wameyachomea kwenye bodi badala ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari. Bodi ya Prado imekaa juu ya raba. Bomba likibeba uzito wa gari kwenye jiwe, bodi ndiyo inayopinda. Mlango wa nyuma kushoto sasa haufungi mpaka uunyanyue.

Nikarudi gereji na bamba mkononi. Jibu nililopewa: "Mzee, barabara ndiyo mbaya." Ingekuwa nzuri ningekuja kwako kufanya nini? Barabara mbaya ndiyo iliyonileta kwako! Halafu kijana wake akaongeza kwamba siku hizi kila mtu ni dereva. Nina miaka kumi na minne kwenye njia hizi, na mtoto wa watu alikuwa analia kwa kiu nyuma yangu.

Sampu ya mtumba, oili, filta, kuvutwa na pesa za wageni nilizorudisha ni 41,500. Nadai hiyo pamoja na ile 58,000. Na mabomba wayakate wao mbele yangu, wakiwa wametoa waya wa betri safari hii, maana mara ya kwanza walichomea betri ikiwa imefungwa, kompyuta ya injini ikiwa hatarini.

Kama umefungiwa bamba hapa Malindi mwaka huu, ingia chini leo. Vichwa vya bolti vinachukua spana ngapi, vina chapa gani, na kidole chako kinapita kati ya bamba na sampu? Weka picha hapa. Jumatatu saa tatu asubuhi narudi gereji na kalipa yangu, na sitaki kwenda na bamba moja.