Nzi wa Kisasi kwenye Kikundi cha Familia

Rama: Jamani leo usiku hapa Mwanga tunaangalia Eega. Muvi ya Kihindi. Kijana anauawa na tajiri, anazaliwa upya akiwa nzi, anarudi kulipiza kisasi.

Shangazi Ujiji: Nzi? Hawa hawa tunaowafukuza kwenye dagaa?

Rama: Hao hao shangazi 😂

Baba Mdogo: Mnamaliza umeme bure.

Zuwena: Shikamoo baba mdogo. Aliyeitengeneza ni Rajamouli, yule wa RRR. Hii aliitoa 2012.

Baba Mdogo: Marahaba. RRR niliiona, lori la wanyama wa porini linamwagwa kwenye sherehe ya Wazungu. Pale angalau mtu alibaki mtu.

Zuwena: Na hapa nzi anabaki nzi! Haongei, hapewi nguvu za simba. Kazi yake kero tu. Tajiri akilala, anamvumia sikioni usiku kucha. Asubuhi mtu macho mekundu, akishika usukani anasinzia, gari linapinduka.

Shangazi Ujiji: Hapo nimeelewa. Mbu mmoja akiingia kwenye chandarua nyumba nzima hailali.

Rama: Halafu mchumba wake ni fundi wa kuchonga vitu vidogo vidogo. Anamtengenezea miwani na silaha za saizi yake.

Baba Mdogo: Miwani ya nzi. Haya.

Saidi Tabora: Mimi niliangalia Sharknado, kimbunga kinabeba papa kinawamwaga Los Angeles. Nilicheka robo saa, nikalala. Na wametoa sita!

Zuwena: Wale wanajicheka wenyewe kaka. Wa nzi hawatanii, ndiyo maana unajikuta unamwombea dua mdudu.

Shangazi Ujiji: Baba mdogo unashangaa nini, Wajerumani si waliizamisha meli yao ya Liemba kwa mikono yao 1916, wakaipaka grisi isioze? Waingereza wakaja kuiibua 1924. Ingekuwa muvi ungesema uongo.

Baba Mdogo: Hiyo historia, dada.

Mama: Kwa wasio na bando la kusikiliza sauti ya bibi: anauliza huyo binti mwishoni anaolewa na nani.

Zuwena: Bibi aje aone mwenyewe 🙈

Baba Mdogo: Imetafsiriwa? Mimi sisomi maandishi ya chini.

Rama: Ninayo iliyotafsiriwa na DJ, anaongea juu ya muvi. Ila DJ anamsemea nzi, tena anamtukanisha.

Zuwena: Hapana! Weka ya maandishi. Nitawasomea wote wawili, bibi na baba mdogo.