Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kuvua ghubani kwa chombo kidogo

Mwanzisha mada, Tanga

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Humu tunazungumza sana kuhusu bei za mashine na aina za nyavu, lakini siku ya kwanza ambapo mtu anashika usukani mwenyewe na kutoka ghubani kutafuta kitoweo hatuielezi, na nadhani kinachotuzuia ni aibu. Basi nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kisha nitawaomba nanyi mlete zenu.

Mwaka jana nilinunua boti ya faiba ya futi 14 iliyokwisha kutumika, pamoja na mashine ya nguvu za farasi 9.9. Mimi si mvuvi. Ni fundi wa umeme, mzaliwa wa hapa mjini, na bahari nilikuwa nimeizoea kwa macho tu, jioni nikiwa nimekaa ufukweni Raskazone. Wiki mbili nzima nilijifunza habari za mashine: kuchanganya oili na petroli kwa kipimo cha mililita 20 kwa kila lita kama kijitabu chake kilivyoelekeza, kubadilisha plagi, kujifunga mkononi ile kamba ya kuzimia ili nikitumbukia mashine isiendelee bila mtu, na kuipitishia maji ya bomba baada ya safari ili chumvi isiile kwa ndani. Sikutumia hata nusu saa kuuliza habari za maji yenyewe.

Nilichagua Jumamosi moja ambayo mwezi ulikuwa umetimia juzi yake. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na sita, tukakipita kisiwa cha Toten, kisha tukageuza kuelekea mdomo wa mto Mkulumuzi, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kwamba chaa na changu hupenda kula kando ya mikoko. Nilichomeka kasia nikaona maji yanafika kifuani, nikaridhika, nikatia nanga. Mpwa wangu alikatakata ngisi vipande vyembamba kama vidole, tukavitunga kwenye ndoana, na kabla jua halijapanda tulikuwa tumekwisha kupata chaa watatu. Nakumbuka jinsi mshipi ulivyokuwa ukigonga kwenye kidole cha shahada: midonoo midogo miwili au mitatu, kisha kimya, kisha mvuto mmoja mzito. Raha ya mdonoo ule ndiyo iliyonisahaulisha kutazama kitu kingine chochote.

Saa mbili kasorobo boti iligusa chini. Nilidhani ni gogo. Nilipojaribu kuisukuma kwa kasia, kasia lilizama topeni nusu yake, na nilipoteremka ili nisukume kwa mikono, nilizama mimi hadi mapajani, nikapanda tena kwa shida huku nikiwa nimeacha kiatu kimoja huko chini, ambako kipo mpaka leo. Baada ya nusu saa hapakuwa na maji ya kuelea juu yake. Tulikuwa tumekaa juu ya uwanja wa tope unaong'aa, boti imelalia ubavu, na kaa wadogo wanatoka mashimoni kututazama. Mzee mmoja aliyekuwa akipita kwa mbali na mtumbwi wake ndani ya mkondo alituita, akauliza kama sote tu wazima, na tulipomjibu kwamba tu wazima, alisema, "Basi kaeni, maji yatawafuata wenyewe."

Yalitufuata saa saba na robo mchana. Tulikuwa na chupa moja ya maji ya kunywa, hatukuwa na kivuli, na wale chaa watatu, kwa kuwa sikuchukua barafu, tuliwatupa.

Mwana wa Chwaka, Unguja

Ndugu yangu wa Tanga, pole, ingawa nimecheka. Hesabu uliyoikosa ni hii. Mwezi unapoandama na unapotimia, na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu bamvua huleta kujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo maana huwaona akina mama wakienda mwambani kutafuta pweza wakati huo wa asubuhi. Wewe ulitoka saa kumi na mbili, maji yana saa mbili tangu yaanze kuondoka, ukaenda kutia nanga kwenye maji ya kifua wakati yanaingia katika saa ya tatu na ya nne, ambazo ndizo saa yanapokimbia kuliko zote. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo hugeuka: huwa ni maji mafu, kujaa kunaangukia asubuhi hiyo hiyo ya saa nne, na tofauti ya kina ni ndogo. Mtu mgeni wa bahari na aanze maji mafu.

Kwetu ghuba ni ya kina kifupi, na maji ya bamvua yakitoka, sehemu kubwa hubaki mchanga na majani ya bahari, huku vyombo vikipita kwenye mikondo tu. Mimi nilitolewa na mjomba wangu kwa ngalawa. Siku ya kwanza sikupewa mshipi, nilipewa upo wa kuchotea maji. Ngalawa ilikuwa inavuja kwenye ungio moja karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, na kazi yangu kuanzia alfajiri hadi adhuhuri ilikuwa kuchota ngama, yaani maji yaliyoingia chomboni, na kuimwaga upande ulio chini ya upepo, kwa maana nilipoimwaga upande wa pili ilinirudia usoni. Nilikasirika sana siku ile. Leo nikipanda chombo chochote, jambo la kwanza ninalolitazama ni kiasi cha maji kilichomo ndani na mahali kilikotokea.

Safari ya pili tuliinua dema, yaani mtego wa samaki, na ndani mlikuwa na tasi kumi na kitu. Kwa haraka ya kijana nilitia mkono nikamshika mmoja tumboni, na mwiba ukaniingia katikati ya kiganja. Maumivu yake hayafanani na kuchomwa na mwiba wa samaki mwingine; yalipanda mpaka kwenye kwapa, na mkono ukawa unatetemeka wenyewe. Mjomba hakunipa pole. Alimchukua mwingine mbele yangu polepole, akianzia kichwani na kuilaza miiba kuelekea mkiani, akasema, "Hivi." Tulipofika pwani, shangazi alinitumbukiza mkono kwenye maji ya moto, kiasi ambacho ngozi inastahimili bila kuungua, na maumivu yakapungua. Ngogo naye ana sumu miibani. Bunju akiingia demani hurudishwa baharini pale pale, kwa sababu huyo sumu yake inaua mlaji.

Jambo jingine kwa wenye mashine: mashamba ya mwani yana vigingi na kamba ambazo maji yakijaa hazionekani. Ukipita juu yake utaharibu mali ya mtu, na kamba ikishajizungusha kwenye propela utaikata kwa kisu ukiwa umening'inia tezini.

Mkaazi wa Gazi, Kwale

Mimi maji niliyajua. Kilichonishinda ni upepo ukikutana na maji. Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi limekomaa, na tulikuwa watu watatu kwenye dau la kukodi lenye mashine ndogo, mwenye chombo akiwa ndiye nahodha. Maji yalijaa saa moja asubuhi, bahari ilikuwa shwari ndani ya ghuba, na sisi wageni wawili tukamsihi atupeleke hadi mlangoni mwa ghuba, kwa kuwa tulisikia kuna kolekole. Alitukatalia mara mbili, mara ya tatu akakubali. Namlaumu kidogo kwa kukubali, lakini tulikuwa tumemlipa, na mtu aliyelipa hujiona ana haki ya kuamuru hata bahari.

Tulivua vizuri mpaka saa tano. Nilikuwa nimeuchagua mnazi mmoja uliosimama mbele ya mwingine ufuoni, ili nijue kama nanga imeshika, na ghafla nikaona minazi ile inaachana. Nanga ilikuwa inaburura. Upepo ulikuwa umeongezeka kutoka kusini ukisukuma mawimbi kuingia ghubani, na maji yalikuwa yanakupwa, yanatoka ghubani kuyakabili. Mawimbi ambayo dakika chache kabla yalikuwa marefu na mapole yalisimama, yakawa mafupi yenye kichwa cheupe, na tulipogeuza kurudi, wimbi moja lilipanda tezini na kutujazia ndoo mbili au tatu za maji. Nahodha alituamuru tukae chini kabisa, katikati, tusishike ukingo. Hakujaribu kupita. Alikiegesha chombo nyuma ya mwamba, mahali ambapo wimbi lilikuwa limekwisha kuvunjika, na tukangoja.

Saa saba u nusu maji yalipoanza kuingia, upepo ukiwa ule ule, mawimbi yale yalilala kana kwamba mtu ameyapiga pasi. Tuliingia bila kulowa. Kama nisingeliona kwa macho yangu, nisingeliamini.

Mwalimu wa Wesha, Pemba

Naona wanaume peke yao ndio wanaozungumza, nami niongeze. Mume wangu ni mvuvi, na mimi bahari yangu ilikuwa ile ya kwenda kwa miguu maji yakikupwa. Likizo moja nilimwambia anichukue. Nilivaa suruali ndani, baibui juu, na jaketi okozi juu ya baibui, na aliyekuwa akicheka pwani nilimwacha acheke.

Tulipokuwa tunakwenda nilikuwa mzima kabisa, natazama mikoko ya ghuba ya Chake Chake inavyopita pande zote mbili. Kigegezi kilinishika pale tulipotia nanga. Chombo kinachotembea hulipasua wimbi, lakini kilichofungwa huchezewa nalo huku na huku, na juu ya hayo kuna harufu ya petroli na chambo cha jana, nami nilikuwa nimeinama nikihangaika kufungua mshipi uliojifunga. Mume wangu aliniambia niache mshipi, niinue uso nikitazame kisiwa cha Misali mpaka kichwa kitulie. Nilichelewa. Nilitapika ubavuni, na haukupita muda vibua wakajaa mahali pale pale, tukavua hadi mikono ikachoka. Mpaka leo akikosa samaki huniuliza nimekula nini asubuhi.

Na jambo ambalo hamlisemi: chombo kidogo hakina choo. Mwanamke anayekwenda mara ya kwanza aambiwe mapema safari ni ya saa ngapi na kama kuna mahali pa kuteremka, kwa sababu mwenzenu nilikataa kunywa maji kutwa nzima kwa hofu hiyo, na kichwa kilichoniuma usiku kilitokana na kiu, hakikutokana na mawimbi.

Mpiga kasia, Dar es Salaam

Yangu ni fupi. Ghuba ya Msasani, boti mpya, marafiki wanne, na kizibo cha tundu la kutolea maji tezini kimo mfukoni mwangu, ndani ya suruali niliyoiacha kwenye gari. Tuligundua pale ndoo ya chambo ilipoanza kuelea. Rafiki mmoja alikaa juu ya tundu lile mpaka tukafika ufukweni. Nawakumbusha pia kwamba maji yanayozunguka visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini ni hifadhi, hakuvuliwi. Ulizeni mipaka na leseni kabla ya kununua ndoana.

Mwanzisha mada, Tanga

Nawashukuru sana, hasa mwalimu, kwa kusema lile ambalo tusingelisema. Nina swali moja kwa wazee wa kazi: amari yangu, yaani kamba ya nanga, ina urefu wa mita 10. Je, inatosha kwa ghuba yetu?

Nahodha mstaafu, Kipumbwi

Mwanangu, haitoshi. Ukitia nanga maji yamekupwa, kwenye kina cha mita tatu, kamba yako ya mita 10 itaonekana ndefu. Maji ya bamvua yakijaa yataongeza kina kwa zaidi ya mita tatu, na kamba ile ile itakuwa fupi, ikiivuta nanga kwa kupanda, na nanga inayovutwa kwa juu hung'oka. Nanga hushika ikivutwa kwa kulala. Hesabu kina kwa maji yatakayokuwapo, usihesabu kwa maji unayoyaona, kisha toa amari mara tano ya hicho, na mbele yake funga mnyororo wa mita mbili ili uilaze nanga. Na mwisho wa amari ufunge kwenye chombo kabla hujaitupa nanga. Unacheka, lakini nimeziona nanga ngapi zikienda na kamba zake, na mwenyewe amesimama omo, mbele ya chombo, mikono mitupu.

Mwanzisha mada, Tanga

Shikamoo mzee, nimefuata. Nimenunua mita 40 na mnyororo. Jumapili tulitoka tena, maji mafu, tukatia nanga upande wa ndani wa kisiwa cha Yambe na tukarudi kabla ya adhuhuri na changu tisa na chewa mmoja mdogo, wote ndani ya barafu. Mpwa wangu amechonga alama kwenye mpini wa kasia, kila shubiri alama moja, na kila robo saa analichomeka majini na kunisomea kina kwa sauti, nimemwuliza au sijamwuliza.