Jirani kanizimia taa usiku wa mafuriko, asubuhi ananisomea Schopenhauer

Wadau nina hasira, naandika hivo hivo msinisahihishe. Mvua ya wiki iliyopita, nyie wa Bwaise hapa Kampala mnajua mtaro ukijaa maji hayapigi hodi, saa nane usiku godoro linaelea. Mi na watoto wawili tukapanda ngazi kwa jirani, yeye anakaa juu, kukavu kabisa, nagonga, taa inawaka, naita mzee tusaidie, watoto tu, mi nabaki nje. Taa ikazimwa. IKAZIMWA banange! Tukakaa kwenye ngazi mpaka adhana ya alfajiri, mdogo nimemfunga kaveera, mfuko wa plastiki, kama andazi.

Kumekucha anafungua mlango, ananiruka pale, anasema "wasuze otya". Nimelalaje? We si ulinisikia?

Namuuliza, hana hata aibu, eti kuna mwanafalsafa Mjerumani, Schopenhauer, alishasema binadamu ni nungunungu: baridi ikiwabana wanasogeleana, miiba ikiwachoma wanaachana, mpaka wapate umbali wa kuvumiliana, na mwenye joto lake la kumtosha anakaa kando, hasumbui wala hasumbuliwi. "Sina ubaya na wewe mama, ni maumbile tu."

Maumbile! Nikanunua bando nikasome mwenyewe. Kumbe hilo joto la Schopenhauer lilitoka kwa baba yake, mfanyabiashara, alimwachia urithi akaishi bila kuajiriwa na mtu, anakula hotelini Frankfurt, anapiga filimbi, anatembeza mbwa. Hapo nani angekosa joto? Na huyo huyo mwaka 1821 kule Berlin alimsukuma mama mshonaji waliyekaa nyumba moja, sababu ni kelele mlangoni, mama akaumia, kesi ikavutana miaka, mwisho akaamriwa amlipe thaler 60 (pesa ya Kijerumani ya zamani) kila mwaka maisha yake yote. Kalipa kama miaka 20, na mama alipokufa kaandika kwa Kilatini eti bibi kafa, mzigo umeondoka. Yaani jirani kapata mwenzake.

Ila kilichonichoma zaidi ni hiki. Schopenhauer huyo huyo aliandika insha ya mashindano kule Denmark, matokeo yakatoka 1840, yuko peke yake kwenye mashindano na bado wakamnyima zawadi (hapo nilicheka kidogo), na humo anasema msingi wa uadilifu ni huruma, uchungu wa mwenzio uuone kama wako. Hakusema dunia ina mateso kwa hiyo zima taa. Sasa jirani kasoma nungunungu akafunga kitabu, si ndio? Mnaopenda kupost vijineno vyake kwenye status na nyie mnafanya hivo hivo, mkikwepa deni nungunungu, mkikwepa msiba nungunungu, muacheni huyo mzee, semeni tu hamtaki.

Godoro bado linanuka. Aliye karibu na Kalerwe anayejua pa kupata la bei poa aniambie, hata la mitumba.