Rais mstaafu akifanya jinai akiwa Ikulu, apandishwe mahakama ya Kisutu kama wengine au aachwe apumzike?

Kinyerezi_Mwisho

Wakuu habari za jioni.

Swali ni hilo hapo juu na naomba tulijadili kwa hoja sio kwa vyama. Mwaka 2025 Sarkozy, aliyekuwa rais wa Ufaransa, alihukumiwa miaka mitano kwa kula njama ya kutafuta hela za kampeni kutoka Libya ya Gaddafi, na mwezi Oktoba akaingia gereza la La Santé pale Paris. Alikaa kama wiki tatu akatolewa kusubiri rufaa, ila aliingia na mlango ukafungwa nyuma yake. Mwaka huohuo Bolsonaro wa Brazili kala miaka 27 na miezi mitatu kwa kupanga mapinduzi baada ya kushindwa uchaguzi. Nchi zote mbili bado zipo, mabasi yanatembea, watoto wanaenda shule.

Sasa turudi kwetu Tanzania. Ibara ya 46 ya Katiba inasema rais akiwa madarakani hashtakiwi kwa jinai, hapo naelewa, mtu hawezi kuendesha nchi huku kila wiki anaitwa mahakamani. Ila ibara ndogo ya tatu inaenda mbali zaidi, inasema hata akishatoka ni marufuku kumshtaki, iwe jinai iwe madai, kwa jambo lolote alilofanya kama rais. Marufuku. Yaani sio kwamba ushahidi uwe mzito au kibali kitoke sehemu fulani, hapana, mlango umepigwa misumari kabla hata kosa halijatendeka.

Kinachoniuma ni tofauti na huku chini. Kuna dogo mtaani kwetu alikuwa wakala wa kutuma na kutoa hela, akaunganishwa kwenye kesi ya utakatishaji wa fedha na kesi yenyewe haina dhamana. Mama yake anauza vitumbua, alikuwa anaamka saa tisa usiku akaange amalize mapema ili awahi daladala ya kwenda mahakamani, anasimama pale getini na wenzake kusubiri karandinga, linaingia, anamuona mwanae kwa mbali na shati lilelile la juzi, wakiingia ndani hakimu anaambiwa upelelezi haujakamilika, kesi inapigwa kalenda, karandinga linaondoka na yeye anarudi Kinyerezi. Ilienda hivyo zaidi ya mwaka halafu wakamwachia, hakuna kesi. Mtaji ulishakufa, mchumba alishaolewa.

Huyo hakuwa na kinga ya kitu chochote. Mwenye jeshi, polisi na hazina ndo tumempa kinga ya maisha. Kwanini?

Mzee wa Mikocheni B

Mwanangu nimekusoma na huyo kijana kaniumiza. Ila niruhusu nikupinge kwenye hitimisho.

Mimi umri wangu nimeona mengi kwenye hili bara. Ghana mwaka 1979 Rawlings alipochukua nchi waliwapiga risasi wakuu wa nchi wa zamani watatu ndani ya mwezi mmoja, Acheampong, Afrifa na Akuffo, watu wakashangilia mitaani, wakasema sasa ufisadi umekwisha. Umekwisha? Na juzi tu hapo Afrika Kusini, Julai 2021, Zuma, rais wao wa zamani, alifungwa miezi 15 na kosa lenyewe lilikuwa kudharau mahakama, alikataa kwenda kwenye tume ya Jaji Zondo iliyokuwa inachunguza ufisadi. Hakufungwa kwa wizi, kwa dharau tu. Matokeo yake KwaZulu-Natal na Gauteng zikawaka, maduka yakaporwa, malori yakachomwa, wakafa watu zaidi ya 300. Wengi wao ni masikini kama huyo mama wa vitumbua.

Sisi hapa tuna kitu majirani wengi hawana, kwamba rais wetu anatoka kwa miguu yake. Mwinyi alitoka, Mkapa alitoka, Kikwete alitoka, tulikuwa tunawaona misibani na kwenye harusi. Mtu akijua akitoka anaenda gereza la Keko, hatatoka. Atabadili Katiba, atatafuta muhula wa tatu, wa nne, na gharama ya huo ung'ang'anizi mtailipa nyie vijana. Hiyo kinga ni bei tunayolipa ili mtu aachie kiti, na mimi naiona ni nafuu.

Wakili Mtarajiwa

Shikamoo mzee. Naomba niweke sheria sawa kwanza maana watu wanasoma nusunusu.

Hiyo 46(3) ina mlango mmoja wa pembeni. Kinga haimhusu aliyeondolewa madarakani na Bunge kwa utaratibu wa 46A. Ila angalia huo utaratibu ulivyo, hoja inahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge wote ndo ianze, ikipita hapo inaenda kamati ya uchunguzi ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, mwisho inahitaji theluthi mbili ya wabunge wote kumtoa. Na Jaji Mkuu anateuliwa na nani? Na wabunge wengi fomu zao za kugombea zimepitishwa kwenye chama ambacho mwenyekiti wake ni nani? Kwahiyo kwa vitendo, aliyemaliza muda wake salama kavuka mto na daraja limekatwa.

Pili, maneno ya Katiba ni "kama Rais". Kwa hiyo kosa la binafsi kabisa, mfano mtu kagombana na ndugu yake shambani kamjeruhi, kwa usomaji wangu hilo halina kinga akishatoka. Wamarekani nao wamebishana hapohapo, Julai 2024 Mahakama yao ya Juu ilisema rais wa zamani ana kinga kwa kazi za urais lakini kwa mambo binafsi hana, na kabla ya hapo Trump alikuwa ameshakutwa na hatia kwenye mashtaka 34 kule New York Mei 2024, ingawa mwisho wa siku hakupewa kifungo wala faini.

Tatu, watu wamesahau marekebisho ya Juni 2020. Siku hizi ukitaka kumshtaki Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika, Naibu Spika au Jaji Mkuu kwa kuvunja haki za msingi akiwa kazini, shauri unalielekeza kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, sio kwa mhusika. Kwahiyo badala ya kinga kupungua, inazidi kutanuka.

Jirani wa Palestina

Mimi naishi Sinza. Mzee wa Mikocheni anasema kigogo akifungwa nchi inawaka, mbona sisi tulishawafunga na hapakuwaka kitu?

Julai 2015 Mramba na Yona, mmoja alikuwa waziri wa fedha mwingine wa nishati, walihukumiwa Kisutu miaka mitatu kwa ile ishu ya mkataba wa ukaguzi wa dhahabu, hasara iliyotajwa mahakamani ni shilingi bilioni 11.7. Rufaa ikapunguza, mwanzoni mwa 2016 wakabadilishiwa kuwa kifungo cha nje, wakapangiwa usafi hapahapa Sinza, hospitali ya Palestina. Waziri wa fedha wa zamani anafagia kwenye hospitali ambayo watu wa kawaida tunapeleka watoto kliniki. Nakumbuka huku mtaani watu walikuwa hawaongei kingine, wengine waliwahurumia kwa umri wao, wengine walisema adhabu ndogo sana, ila sikusikia hata mtu mmoja akisema haiwezekani. Na lile jambo la kuona kwamba inawezekana mimi ndo nalithamini kuliko hata urefu wa kifungo.

Na ongezeeni hili. Mei 2012 Mkapa, rais mstaafu, alienda mwenyewe Kisutu kutoa ushahidi wa utetezi kwenye kesi ya Profesa Mahalu, aliyekuwa balozi wetu Italia, kuhusu lile jengo la ubalozi Roma. Akasimama, akaulizwa maswali na mawakili, akajibu, akaondoka. Mahalu akaachiwa Agosti mwaka uleule. Rais mstaafu kusimama mbele ya hakimu Kisutu tulishaona na jioni yake watu walikula ugali wao wakalala.

Mzee wa Mikocheni B

Jirani, Mkapa alienda kama shahidi, sio mshtakiwa. Na hao kina Mramba ni mawaziri, hawana watu nyuma yao wa kuchoma malori. Usichanganye.

TZ11_Copperbelt

Mi nimefanya kazi Ndola miaka ya nyuma, nisogeze mfano wa jirani zetu Zambia maana huo ndo unafanana na sisi kuliko Ufaransa.

Chiluba alipomaliza alimwachia kiti Mwanawasa, mtu wake aliyemchagua mwenyewe, na bado mwaka 2002 Bunge likamvua kinga. Watu walifurahi sana. Mahakama Kuu ya London, kesi ya madai, mwaka 2007 ikasema yeye na wenzake wamechota dola milioni 46 za serikali, jaji akaeleza mpaka masuti na viatu vya kisigino vilivyonunuliwa duka moja Geneva wakati mshahara wake haufiki hata robo ya hizo hela. Haya, Mwanawasa akafariki 2008, akaja Rupiah Banda ambaye Chiluba alikuwa anamsapoti, na Agosti 2009 Chiluba akaachiwa huru Lusaka, serikali haikukata rufaa. Kisha Banda akashindwa uchaguzi, akaja Sata, 2013 Banda nae akavuliwa kinga akashtakiwa, 2015 akaachiwa.

Umeona hiyo treni? Kesi inapanda na kushuka kwa kumwangalia nani yuko Ikulu. Ushahidi haukubadilika, mafaili ni yaleyale. Hata Brazili wanayoisifia hapo juu, Lula alikaa ndani siku 580, baadae hukumu zikafutwa na akarudi kuwa rais. Kwahiyo mi naunga mkono washtakiwe ila tukianza kesho asubuhi na hii sistimu iliyopo, rais mpya ndo atakuwa anachagua nani afungwe, na mpinzani wake ndo wa kwanza kwenye foleni.

Binti_Manyovu

Mnaongelea hela tu. Mimi ni mtu wa Kigoma, kwetu tumekua na wakimbizi, nimesoma darasa moja na watoto ambao hawakuwa na mjomba hata mmoja aliyebaki. Kuna makosa ambayo hayana bei ya kulipia amani, samahani mzee wangu.

Na mnasahau kwamba kesi ya kwanza duniani ya kiongozi wa serikali kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari ilihukumiwa kwenye ardhi yetu. Jean Kambanda, waziri mkuu wa Rwanda mwaka 1994, alikiri makosa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha na Septemba 1998 akapewa kifungo cha maisha. Arusha hapo, watu wakishuka stendi wanapita kwenda sokoni. Tulikuwa wenyeji wa haki ya wengine zaidi ya miaka 20 mpaka ile mahakama inafungwa 2015, na bado tunaambizana kwamba haki ya namna hiyo ni vitu vya kizungu.

Halafu Hissène Habré wa Chad. Alitawala 1982 mpaka 1990, tume ya nchi yake ikakadiria waliouawa ni 40,000. Souleymane Guengueng alikuwa mfungwa wake, aliapa akiwa ndani kwamba akitoka hai atatafuta haki, akatoka akaanza kukusanya maelezo ya wenzake mmoja mmoja, wajane, waliovunjwa mikono, akayaficha nyumbani kwake mpaka wakati ulipofika. Umoja wa Afrika ukaiambia Senegal imhukumu kwa niaba ya Afrika, ikaundwa mahakama maalumu Dakar, majaji Waafrika, Mei 2016 akapewa maisha. Zaidi ya miaka 25 baada ya kukimbia madaraka. Mzee unasema tukiwagusa hawatatoka madarakani, Habré hakutoka kwa sababu aliahidiwa kinga, alitolewa na mtutu. Waliouawa kwenye hizo nchi waliuawa kwa sababu mtu aliamini hakuna atakayemuuliza.

Kinyerezi_Mwisho

Nashukuru wote, hasa dada Binti_Manyovu.

Mzee wangu, hoja yako ya Zuma nimeifikiria sana. Wale watu zaidi ya 300 inauma, ila angalia walichofanya Wasauzi baada ya moto kuzima, hawakufuta sheria. Kesi yake ya rushwa kwenye ununuzi wa silaha ikaendelea kuwepo mahakamani. Na hoja ya TZ11 ndo naona nzito kuliko zote, kwamba shida sio kushtaki, shida ni nani anashtaki. Kwetu DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, anateuliwa na rais, na ana mamlaka ya kuiondoa kesi yoyote ya jinai kabla ya hukumu. Kwahiyo mimi nikiulizwa naanzia hapo, DPP apatikane kwa kuomba kazi hadharani na kusailiwa, athibitishwe na chombo ambacho rais hakiteui, awe na muda maalumu usioingiliana na uchaguzi. Hapo ndo tuirudie 46(3) tuiandike upya, kinga ibaki kwa maamuzi ya kawaida ya kazi hata yakiwa mabaya, kusaini mkataba wa hovyo kwa nia njema isiwe jinai, ila mauaji, utesaji na kujitajirisha kwa mali ya umma vitoke kwenye hiyo kinga moja kwa moja.

Mzee wa Mikocheni B

Ukinipa DPP wa namna hiyo, mwanangu, nakaa meza moja na wewe. Lakini umpate kwanza huyo DPP. Na hiyo "nia njema" yako nani ataipima? Kina Mramba nao walijitetea kuwa walifanya kwa maslahi ya taifa.

Wakili Mtarajiwa

Mzee, ya kupima nia ni kazi ya mahakama kila siku, mwizi wa kuku Manzese anapimwa nia. Mimi linalonisumbua ni la waliotumwa. Kwa sheria ilivyo leo, OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, aliyetekeleza amri haramu hana kinga yoyote, anaweza kufungwa, na aliyetoa amri akiwa rais hawezi hata kuandikwa kwenye hati ya mashtaka. Mramba alisaini akiwa waziri, ndani ya serikali yenye rais, na upande wa mashtaka uliishia kwa mawaziri na katibu mkuu. Mwenye kujua nchi ya Afrika Mashariki iliyotatua hilo kwenye katiba yake aweke hapa niisome, nina andiko la mwisho wa mwaka juu ya jambo hili.